Habari Aliyoileta Kizuka

Watu wa Kurui wanajua kucheka, hilo sitawanyima. Wakifiwa watalia vizuri, kisha mtani akitokea na vituko vyake watacheka mpaka washike mbavu, na hakuna atakayeona ajabu. Mimi nilizaliwa kicheko kimoja cha namna hiyo kimekwisha kutugharimu shamba, na mpaka leo nikisikia watu wanacheka msibani hasira hunipanda. Nasema mapema ili usitegemee nisimulie kwa upole.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na saba, wakati wa Waingereza. Mama yangu, Tatu, alikuwa na mimba yangu, na alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla yangu. Rafiki yake alikuwa Siwema, mke wa Kibwana mpiga mbiu. Mashamba yao yalipakana ukingoni mwa msitu, ng'ambo ya kijito cha Kidunga. Walikuwa na mihogo, mpunga kidogo bondeni, na minazi waliyoipanda pamoja mwaka walioolewa. Walijuana mpaka kikohozi.

Kibwana ndiye aliyekuwa masikio yetu na kinywa chetu. Serikali ikisema neno bomani Kisarawe, Jumbe Mwinyimadi alilipokea, akamwita Kibwana, na Kibwana akachukua pembe lake la tandala akapita kitongoji kwa kitongoji. Kodi, chanjo ya ndui, nguruwe walioingia mihogoni, mbuzi aliyepotea, nani amefariki na anazikwa lini, yote yalitoka kwake. Wala hakuwa akitangaza na kwenda zake. Alisimama akaulizwa, akajibu, na lile asilolijua alilirudisha kwa Jumbe, na Jumbe, apende asipende, alilipeleka bomani. Ndiyo maana siku za baraza watu wa Kurui walikuwa wakijaa. Walijua wanakwenda kusema nini.

Jumbe naye aliupenda utaratibu huo kwa sababu zake. Habari mbaya haikutoka kinywani mwake hata siku moja. Kodi ikipanda, watu walimnunia Kibwana, kisha wakaenda kunywa kahawa barazani kwa Jumbe.

Kibwana akafa kwa homa, wakati wa kiangazi. Na desturi ya pale kwetu ilikuwa kwamba pembe la mbiu halipulizwi mpaka arobaini ya mwenyewe ipite, ndipo ukoo ukae na Jumbe wamchague wa kulirithi. Ni heshima kwa marehemu, na mimi sina ugomvi na heshima. Lakini kijiji kizima kilikaa bila habari kwa sababu mtu mmoja amekufa, na serikali haikuwa imefiwa.

Siku ya hitima akaja Saburi. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kufanya kazi ya reli kule Soga, akahamia kwetu, akaoa, akafiwa na mke, akabaki. Wanyamwezi ni watani wetu, na mtani msibani ana ruhusa asiyokuwa nayo mtu mwingine. Atalala njiani kuzuia jeneza, atatoroka na sufuria la wali, atasema marehemu alikuwa mvivu na mlafi, na wafiwa hawana haki ya kukasirika. Sasa siku mbili kabla yake Saburi alikuwa Kisarawe kuuza tumbaku, na pale bomani alimsikia tarishi akitangaza jambo. Akarudi mbio na habari hiyo, akatukuta matangani. Angefanya nini? Alifanya alichokizoea. Alikata bomba la mpapai, akavaa kanzu ya marehemu iliyokuwa imeanikwa, akaingia uani akipuliza.

"Enyi watu wa Kurui!" aliita, kwa sauti ya Kibwana hasa, ile ya puani. "Mimi Kibwana nimerudi, huko nilikokwenda hakuna ugoro! Serikali inasema hivi: msitu sasa ni mali yake! Mpaka unaanzia kivuko cha Kidunga, unafuata kijito, unapanda mpaka makaburi ya zamani! Kila mwenye shamba ndani ya mpaka aende bomani akaseme kwa kinywa chake mwenyewe, kabla mwezi huu haujafa! Asiyekwenda, shamba limekwenda!"

Ua mzima ulivunjika kwa kicheko. Watu waligaragara mikekani. Mwinjuma, mdogo wake marehemu, alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanamtoka. Mama yangu naye alicheka, ameshika tumbo, na mimi nimo ndani.

Aliyekaa kimya ni Siwema. Yeye alikuwa chumbani, nyuma ya ukuta wa fito, amekaa eda. Mwanamke wa namna hiyo tunamwita kizuka. Anakaa ndani miezi minne na siku kumi, na dini haikusema zaidi ya hapo. Watu ndio walioongeza. Walisema kukutana na kizuka njiani ni mkosi, na mwenye mimba akionana naye, au hata akiisikia sauti yake, mtoto hatakaa duniani. Walisema hayo kwa sauti kubwa kuliko ya mwalimu wa chuo cha Kurani, na mama yangu, aliyekwisha kuzika wawili, aliyaamini yote.

Siwema alikuwa ameishi na matangazo miaka mingi. Kila usiku kabla ya kutoka Kibwana alikuwa akimsomea mkewe maneno ya kesho yake, mpaka yamkae. Kwa hiyo alijua tangazo likoje. Masihara ya watani humtaja marehemu, na chakula, na uchoyo wa wafiwa. Hayataji kivuko wala kijito wala makaburi. Shamba lile ndilo lililokuwa lake peke yake. Nyumba ingerudi kwa ndugu wa mume, na Siwema hakuwa na mtoto wa kumwombea pa kukaa.

Akamwita Saburi kwa kunong'ona kupitia ukutani. "Mtani, yale maneno umeyatoa wapi?"

"Bomani, mtani wangu. Naapa kwa Mungu. Tarishi ameyasema mbele yangu."

"Sasa mbona umeyasema kwa mchezo?"

"Niliona nikiyasema kwa sauti ya Kibwana yatawaingia," alisema. "Sauti yake ndiyo wanayoisikiliza."

"Basi toka ukawaambie kama mtu mzima."

Akatoka. Akavua kanzu, akaweka chini bomba la mpapai, akasimama katikati ya ua akasema ni kweli jamani, si utani, nendeni Kisarawe. Watu wakaanza upya. Kadiri alivyokunja uso ndivyo walivyozidi kucheka. "Basi, Saburi, basi," alilia mmoja wao, "mbavu zitavunjika!" Alipoapa kwa Mungu, wakampigia makofi.

Siwema akamtuma shemeji yake, Mwinjuma, aende kwa Jumbe akaulize. Mwinjuma alikwenda kwa sababu hakuweza kumkatalia mfiwa. Jumbe Mwinyimadi alikuwa na habari ile tangu kabla ya msiba. Alikuwa ameitwa bomani akaambiwa, naye akarudi akaikalia. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mwenye nia mbaya unaweza kumshtaki. Alikuwa akisubiri apatikane mwingine wa kunyooshewa kidole. Shamba lake lilikuwa upande wa barabara, mbali na mpaka. Alimjibu Mwinjuma maneno haya: "Tangazo halitoki bila pembe. Arobaini bado."

Mwinjuma akarudi akamwambia shemeji yake, "Jumbe amesema hakuna tangazo."

Hakudanganya, kwa jinsi alivyoelewa yeye. Siku hizo neno likitoka nyumba moja kwenda nyingine lilifika limekatika mkono au mguu, na hakukuwa na wa kulirekebisha.

Siwema alikaa na jambo lile wiki nzima. Akamwomba Mwinjuma aende Kisarawe akaseme kwa niaba yake na ya wote. Mwinjuma akasema ana kazi ya kuezeka. Akamwomba ndugu mwingine wa mumewe, naye akacheka tu. Mwezi ukawa unamalizika. Asubuhi moja mwanamke yule alijifunga nguo zake za eda, akajitanda mpaka machoni, akafungua mlango akatoka nje. Wanawake waliokuwa kisimani waliacha ndoo wakakimbia.

Saburi alitangulia njiani, naye akafuata mbali nyuma. Walilala Masaki, Saburi kwenye baraza ya msikiti na Siwema kwa watu wasiomjua, ambao hakuwaambia kwamba ni kizuka. Lakini Kurui haikujua walilala wapi, na kwa kuwa haikujua, ikajitungia. Kabla ya adhuhuri ilikuwa tayari mjane wa Kibwana ametoroka na Mnyamwezi, udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Jioni ikaongezwa kwamba walikuwa pamoja hata kabla. Kesho yake ikawa homa ya Kibwana haikuwa homa.

Huko bomani mambo yalikuwa mepesi kuliko alivyoogopa, na hilo nalo linauma ukilifikiri. Bwana Misitu, Mzungu mmoja aliyeungua jua shingoni, alimsikiliza kwa kinywa cha karani, akauliza shamba liko wapi, limelimwa tangu lini, akakubali. Lilimalizika upesi. Siwema hakuondoka.

"Kuna nini tena, mama?" karani akamwuliza.

"Wenzangu hawajaambiwa. Mpiga mbiu wetu amekufa. Ni mume wangu."

Karani akatafsiri. Mzungu akakuna shingo, akasema maneno marefu, na karani akayafupisha: "Bwana anasema Jumatano atakuja Kurui mwenyewe. Kila mtu asimame shambani kwake aseme. Atakayesimama atasikilizwa kama wewe. Ambaye hayupo, basi tena. Wewe kawaambie."

Siwema alirudi na habari njema, fikiria. Ni yeye peke yake Kurui nzima aliyekuwa na neno la kuokoa mashamba ya watu, nalo limo katika kinywa ambacho hakuna atakayekubali kukisikia. Alianza na kwa Jumbe. Jumbe alimtuma mkewe aseme yeye haonani na kizuka, na kwamba arobaini ni Ijumaa, pembe litalia Ijumaa.

"Ijumaa itakuwa imepita!" Siwema alipiga kelele nje ya ukuta. "Mwambieni atoke mwenyewe aseme! Ana kinywa!"

Hakutoka.

Akaenda nyumba kwa nyumba. Milango ilifungwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Salamu zake hazikujibiwa. Alisimama nje ya kila nyumba akasema yale yale: Jumatano, simameni mashambani, semeni wenyewe. Alipofika kwetu mama alikuwa ndani peke yake. Aliitambua sauti, na alisema baadaye kwamba mwili mzima ulitaka kwenda kufungua. Badala yake aliingia chini ya kitanda cha kamba, na tumbo lake lile, akaziba masikio kwa vidole, akaanza kusoma kila sura aliyoijua ili asisikie hata neno moja. Siwema alisema nje, mama akasoma ndani, mpaka mmoja wao akachoka.

Saburi naye alipita vitongoji vya upande wa pili. Safari hii hawakumcheka. Walimrushia magunzi ya mahindi, wakamwita mwizi wa wajane.

Bado palikuwa na pengo, na pengo halikai tupu. Watu walikuwa wamesikia kwa mbali neno Jumatano na neno Mzungu. Vita vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na hakuna mwanamume wa Kurui aliyekuwa amesahau jinsi vijana walivyokamatwa wakati ule wakapelekwa kwenye mashamba ya mkonge bila kuaga. Basi habari ikapatikana, tena ya kuaminika, maana haikuwa na mwenyewe: Siwema amekwenda bomani kuwauza wanaume, analeta lori Jumatano, na watakaokutwa wamesimama mashambani ndio watakaochukuliwa. Zamani Kibwana angeulizwa, na angejibu. Sasa hakuna aliyemwuliza mtu kitu.

Jumatano lori likaja kweli. Lilipolia kilimani, Kurui ikahama. Wanaume wote waliingia msituni, baba yangu akiwa wa kwanza, na wanawake wakajifungia. Bwana Misitu aliteremka na karani na askari wawili wa kubeba mawe ya mpaka, akakuta mashamba matupu, na mjane mmoja aliyejitanda amesimama kwenye lake, na Mnyamwezi mmoja kando.

"Wako wapi wengine?" karani akauliza.

"Wapo. Wamejificha. Wanaogopa." Siwema akaanza kuonyesha kwa mkono. "Andika, bwana, mimi nitakutajia. Hili ni la Tatu na mumewe. Lile la Mwinjuma. Lile lenye migomba ni la Mboni, ni ajuza, hawezi kukimbia mbali…"

Mzungu akatikisa kichwa hata kabla karani hajamaliza.

"Bwana anasema hawezi kumsikiliza mtu asiyekuwapo. Anasema alitoa nafasi bomani, akatoa nafasi hapa, na anaona watu hawana pingamizi."

Hapo Siwema alifanya jambo ambalo kizuka hafanyi. Alivua mtandio, akageukia msitu, akaita kwa nguvu zake zote. Aliwaita kwa majina. Alimwita baba yangu. "Tokeni! Tokeni mseme tu neno moja! Hawakamati mtu!" Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye kichaka kilichokuwa jirani kiasi cha kuona vidole vya miguu ya Siwema, na alisikia kila neno. Alisema alivyozidi kuita ndivyo wao walivyozidi kulala, maana nani anaita watu kwa bidii namna ile kama si aliyelipwa?

Mzungu alisubiri. Nimeambiwa alisubiri sana, akavuta kiko chake, akatembea huku na huku. Kisha akawaambia askari waanze kuchimba.

Ijumaa pembe likalia, kwa kinywa cha Mwinjuma aliyelirithi, likitangaza habari ya msitu kuwa wa serikali. Watu walitoka nje wakaenda kuyaangalia mawe. Na walipoona shamba moja tu limeachwa nje ya mawe, limezungushiwa mpaka wake kama mfuko ulioshonewa ndani ya nguo, hawakuhitaji tena kuambiwa lolote na mtu yeyote. Waliambiwa wavune mihogo iliyokuwa ardhini, kisha wasilime tena. Baraza lililofuata, Jumbe alikaa na wazee watatu na kuku. Watu walikuwa wamekata shauri kwamba kila linalosemwa mahali pale ni la kuwauza, na shauri hilo halijavunjika mpaka leo ninapozeeka.

Mimi nilizaliwa mzima. Mama alilihesabu hilo kuwa ni malipo ya kuziba masikio yake, na sikuwahi kumweza kwa hoja.

Baba akapata mahali pa kulima Misugusugu, mbali na msitu wowote. Siku ya kuhama, mama alipita njia ya kijitoni, mimi nikiwa mgongoni. Siwema alikuwa shambani anapalilia peke yake. Eda ilikuwa imekwisha siku nyingi, lakini hakuna aliyekwenda kumsaidia hata kuangua nazi. Alipomwona mama aliweka jembe chini.

"Usiende, Tatu. Nusu ya hili ni yako. Minazi tumepanda wote."

"Nile shamba la mtu aliyejua akatunyamazia?"

"Nilikuja kwako! Nilisimama mlangoni pako nikasema yote, koo likanikauka."

"Ulikuja na eda," mama akasema. "Nilikuwa na mimba, Siwema. Ulitaka nikusikilize? Ungemtuma mtu."

"Nilimtuma Saburi."

"Saburi mtani!"

Wakatazamana. Mama aliniambia mwenyewe kwamba hapo ndipo alipojua kuwa Siwema hakumnyamazia, na kwamba kujua kule hakukumsaidia kitu, kwa sababu vyombo vilikuwa vimekwisha kutangulia na baba alikuwa anaita kutoka barabarani. Akaniweka vizuri mgongoni akaanza kwenda.

"Basi nionyeshe mtoto," Siwema akasema nyuma yake. "Nimwone uso tu."

Mama akasimama. Kisha akavuta khanga akanifunika, akaendelea na njia.